Pete za Kimeza cha Shangazi Zabibu

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema usije ukalisikia kwa watu wa Isevya, mtaani kwetu, maana wao wakikusimulia wataongeza chumvi. Hasira zenyewe hazikai, zinakuja na kuondoka, lakini zikija, jamani, kaa mbali na mimi. Na hakuna kinachonipandisha haraka kama mtu kuweka kikombe cha moto juu ya meza bila kitambaa.

Kazi ndiyo imenifanya hivi. Ninakarabati na kuuza samani za kizamani hapa Tabora mjini, mtaa wa Gongoni. Sishughuliki na makabati wala vitanda. Mimi ni vimeza tu, vile vidogo vya pembeni walivyowekea watu wa zamani taa, kahawa, redio au sinia la tambuu. Navitafuta Kwihara, Goweko, hadi Usinge, popote ninaposikia kuna bibi anayelaza kuku juu ya meza ya babu yake. Navivua rangi ya mafuta, navigundisha miguu, navisugua kwa nta ya nyuki mpaka vinapumua. Wapamba nyumba wa Dar na Arusha wanavigombania. Wengine hata meza hawaiangalii, wanachotaka ni hadithi: "Hii ilikuwa ya nani?" Huko Kwihara kila nyumba itakwambia meza yao aliiandikia yule mzungu mpelelezi wa zamani, mgonjwa, aliyekaa kwenye tembe. Kama ni kweli, mzee wa watu hakuwa na kazi nyingine duniani ila kununua meza.

Sasa, kimeza bora kuliko vyote nilivyopata kuviona hakikuwa dukani kwangu. Kilikuwa barazani kwa shangazi yangu Zabibu, dada yake baba, aliyenilea tangu mama alipofariki. Uso wa kimeza ni wa mviringo, na kina mguu mmoja wa katikati uliokerezwa vizuri, ukifika chini unagawanyika kuwa vidole vitatu. Ni mninga wa zamani, mzito, rangi ya asali iliyokaa. Ungekiona usingetaka kuondoka. Halafu ungetazama juu yake, roho ikuume: alama za vikombe! Nyeupe, nyeusi, kubwa, ndogo, zimepandiana kila mahali. Kila alasiri Shangazi alikaribisha watu kahawa ya tangawizi, na kila aliyekuja aliweka kikombe chake kinavuja jasho juu ya ule mninga, naye anaangalia tu na kuwaongezea kashata.

Nilimbembeleza miaka. "Shangazi, niachie wiki moja tu nikipige msasa. Kitarudi kama kipya."

"Thubutu! Kampige msasa mumeo," ananijibu. Yeye zile alama aliziita pete. "Kimeza hiki kimevishwa pete nyingi kuliko mimi, na hakijaachika hata mara moja."

Mimi nikinywa kahawa pale, kikombe changu nilikiweka chini sakafuni, karibu na mguu wangu, juu ya kitambaa nilichokikunja. Watu walinicheka. Wacheke. Mkono wangu haukuweza kufanya vile, basi.

Ndipo akaja Hafsa. Hafsa ni Mzaramo wa Kisarawe, anapamba mahoteli huko Dar, na ni mteja wangu mkubwa mpaka tukawa mashoga. Lakini kabla ya uteja na ushoga, Hafsa ni mtani wangu. Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu wanateremka pwani na mizigo kichwani. Mtani atakutukana mbele ya wakwe zako na wewe utacheka. Ukifiwa, atakuja kufanya vituko msibani, amuigize marehemu, anyakue kitu cha marehemu aseme ni chake, na hukipati mpaka ukikomboe kwa atakachotaka yeye. Na sheria ya utani ni moja tu: ukikasirika umeshindwa. Kitu kimekwenda na utachekwa mpaka kaburini. Umeshaona ninakoelekea, mimi na hizi hasira zangu.

Siku ya kwanza nilipompeleka Hafsa kwa Shangazi, alikizunguka kile kimeza kama mtu anayetaka kuposa. Akapiga magoti, akachungulia chini, akapapasa ukingo. Halafu akataja bei. Mimi mwenyewe mfanyabiashara nilitafuta pa kukaa.

Shangazi akacheka mpaka miwani ikamteremka. "Mzaramo wewe, weka hela zako. Nikifa, njoo ukichukue."

Alilisema mbele ya baraza zima. Alikuwepo kaka yangu Mustafa, alikuwepo Shaban fundi cherehani wa nyumba ya pili, alikuwepo na Mzee Limbu wa Goweko anayeleta tumbaku mjini. Mimi nilikuwa natafuna tende. Niliimeza na kokwa yake.

Tangu siku ile Hafsa kila akija Tabora hakosi kwa Shangazi. Mimi niko dukani navuja jasho na randa, wao wako barazani wananong'ona na kuchekelea juu ya kile kimeza, vichwa vimegusana. Nikasema moyoni, huyu anamlainisha bibi wa watu. Nikanuna. Nikikasirika peke yangu haihesabiwi, au siyo?

Shangazi alifariki mwisho wa masika, kitandani kwake, baada ya kumaliza kahawa yake. Alikuwa mzee hasa, mwenyewe alishachoka kuulizwa umri. Msiba ulijaa watu hadi barabarani. Na mimi, niliyelelewa naye, sikutoa chozi. Sijui lilikwama wapi. Nilihangaika na maturubai, na maji, na wapishi, nikagombana na waliotuletea kuni mbichi. Wanawake wakanong'onezana kwamba Mwanahawa ana moyo mgumu. Nikiingia barazani nakuta wafiwa wanakisogelea kile kimeza na vikombe mkononi, napiga kelele kama naona moto. Mwishowe nikakifunika kwa kitambaa cheupe, nikakaa karibu nacho.

Nilikitaka. Ngoja niseme wazi. Nilikitaka kwangu, wala si kwa kuuza. Nikikitazama nilikuwa naisikia sauti ya Shangazi, na hakuna kitu kingine mle ndani kilichonipa hivyo, si kitanda chake, si kanga zake. Nikafikiria kikienda Dar: kimesimama ukumbini kwenye hoteli, juu yake maua ya plastiki, na watu wanapita na masanduku yao bila hata kukitazama. Usingizi ukawa unaniruka.

Siku ya arobaini, asubuhi, Hafsa akafika na pikapu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kreti ya mbao, mpya, na mablanketi ya kufungia. Nilipoiona ile kreti nikarudi kukaa karibu na kimeza.

Alisalimia vizuri, shikamoo kwa kila mzee, akakaa na wanawake, hitima ikasomwa, pilau likaliwa. Nikaanza kutulia. Loo! Kunyanyuka kwenda kunawa mikono, nikasikia baraza zima linapasuka kwa kicheko. Nageuka, naona Shangazi Zabibu anatoka chumbani.

Alikuwa Hafsa. Amevaa kanga za Shangazi, ile ya buluu iliyopauka, amevaa na miwani iliyofungwa kwa uzi, anatembea akivuta mguu mmoja, anakohoa kile kikohozi cha kutafuta kusikilizwa. "Mwangaluka, mayo," akawasalimu kina mama kwa Kinyamwezi cha Kisarawe, wakaanguka. Hata shehe aliyekuwa anafunga kitabu chake aligeukia ukutani mabega yakitikisika.

Akaja moja kwa moja kwenye kimeza. Akavuta kitambaa changu cheupe, akanitupia begani.

"Hiki changu," akasema. "Mwenyewe alisema akifa nije nikichukue. Mashahidi mpo?"

"Tupo!" Wa kwanza kuitika ni Mustafa, kaka yangu tumbo moja. Nilimtazama vile ambavyo ningemtazama mtu aliyeniuza.

Hafsa akakinyanyua, akakitwika kichwani, akaanza kuelekea kwenye pikapu kwa mwendo wa Shangazi. Dereva akafungua mlango wa nyuma.

"Kiweke chini," nikasema.

Akasimama. "Haa! Mtani amekasirika?"

Watu wote wananitazama mimi, na wengine, wallahi, walikuwa wanaomba nilipuke wapate cha kusimulia. Nikausikia moto unapanda kutoka shingoni kuja masikioni. Nikatabasamu kwa meno yote.

"Nikasirike kwa lipi? Naionea huruma shingo yako. Ya Kizaramo hiyo haijazoea kubeba, imezoea kubebewa."

Vigelegele! Shaban alipiga meza ya wali kwa kiganja. Hafsa mwenyewe alitikisika akicheka, kimeza kinayumba kichwani, nusura nimkimbilie.

"Kilitoka kwetu pwani hiki," akanirudishia. "Babu yako alikibeba tu, akaambiwa arudishe, akatokomea nacho."

"Mninga huo, mtani. Mninga wa huku huku Uyui."

"Ala! Kumbe hata mbao mliiba!"

Basi tukaanza kukomboana. Nikampa jogoo. Akamnyanyua, akamtazama miguu, akasema jogoo wa Tabora ni mpagazi, hana nyama. Nikamwahidi mbuzi. Akasema mbuzi watalala naye wapi, hotelini? Nikaleta dumu la asali. Akachovya kidole, akalamba, akachovya tena, akampa dereva aliweke kwenye gari, kisha akasema hiyo ilikuwa ya kuonja. Watu wamelala chini. Mimi jasho linanitoka.

Nikaona nimalize. "Haya, dukani kwangu kuna meza ya miguu ya simba, ya mbao za jozi, hakuna nyingine Tabora nzima. Kaichukue. Niachie hiki."

Hata waliokuwa wanacheka waligeuka kunitazama, maana ile meza wanaijua, nimeinyima watu wengi. Hafsa akanitazama kupitia miwani ya marehemu. "Sitaki," akasema taratibu. Akamgeukia dereva: "Tandika blanketi."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikaona huyu hachezi. Sauti yangu ikabadilika, niliisikia mwenyewe. "Hafsa, wewe shoga yangu. Utani una mwisho wake..."

"Mwanahawa!" Mustafa akanikata.

Nilikuwa nimebakiza neno moja tu. Nikalimeza, likapita kwa shida kuliko ile kokwa. "...una mwisho wake," nikasema, "na mwisho wake ni kahawa. Unasafirije bila kunywa kahawa?" Hakuna aliyecheka. Ulikuwa utani mbovu, najua. Lakini hasira haikutoka, na hicho ndicho walichokuwa wanapima.

Hafsa akarudi barazani, akakishusha kimeza pale pale mahali pake, akakaa kwenye kiti cha Shangazi na kunyoosha mguu mbovu kama alivyounyoosha yeye. "Kahawa," akaita kwa sauti ya Shangazi. Ile sauti, jamani. Ya kuvuta puani, ya kuamrisha na kubembeleza kwa pamoja. Watu wakasogea.

Akaweka kidole juu ya mninga. "Hii nyeusi ni ya mume wangu wa kwanza. Alikuwa na mkono mzito kwa kila kitu. Hii hapa ya Shaban, siku aliyokuja kuniomba nimsemee kwa wakwe. Aliogopa mpaka akasahau kunywa, kahawa ikapoa hapo hapo. Hii iliyokatika upande ni ya Limbu, kikombe chake kilikuwa na ufa, nikamwambia tupa, akasema bado kinafaa. Na hii kubwa kuliko zote ni ya yule Mzaramo mlafi."

Mzee Limbu akaja akainama, akaweka kidole kwenye pete yake, akaizungusha taratibu mpaka ilipokatika. "Ndiyo," akasema, "ni hiyo." Na Shaban akaja kuitafuta yake, na Mustafa, na kina mama, wanasukumana, huyu anacheka, huyu anapangusa macho. Mimi ninayekula kwa kutazama mbao, miaka yote pale niliona uchafu wa kuondolewa. Kumbe ndicho walichokuwa wananong'onea wale wawili, vichwa vimegusana. Shangazi alikuwa anamsomea watu wake.

Shaban akauliza, "Na ya Mwanahawa iko wapi?"

Hafsa akasogeza miwani. Akainama, akatafuta huku, akatafuta kule, akachungulia mpaka ukingoni.

"Haipo," akasema kwa ile sauti. "Nimemlea mwenyewe, kahawa yangu ameinywa tangu anaichanganya na maziwa, na pete yake haipo. Anaweka kikombe chini utadhani anamtengea paka."

Walicheka, na mimi nikacheka. Kilinitoka tu, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msiba.

"Lakini nafasi yake nilimwekea," akaendelea. "Hii hapa."

Kidole chake kilikuwa ukingoni, upande niliozoea kukaa mimi. Nikasogea. Kati ya alama zote zile zilizopandiana palikuwa na mahali pasafi, pana ukubwa wa kitako cha kikombe. Mninga mtupu. Sikuwahi kupaona, maana macho yangu yalitafuta palipoharibika. "Kila mgeni akitaka kuweka hapa namwambia sogeza kidogo, hapo pana mwenyewe."

Ni kweli. Alikuwa akisema hivyo! Maneno hayo hayo, kila alasiri, kwa wageni wote. Na mimi nilidhani anauonea huruma mninga.

Hafsa akavua miwani. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Mtani, jogoo wako sina shida naye. Cha kukombolea ni kikombe chako. Kiwe cha moto, kiwe hapo, na kitambaa usitumie. Ukikataa nakwenda nacho Dar, na kreti umeiona."

Kahawa ikaletwa. Nikamiminiwa mpaka juu, ikafurika kidogo pembeni. Nikakishika kikombe, nikakipeleka juu ya kimeza, na mkono ukagoma. Haki ya Mungu uligoma. Maisha yangu yote natoa alama hizo kwa nta na majivu na subira, halafu nitie alama mwenyewe, tena kwenye mninga ule? Nikatazama watu. Hakuna aliyecheka.

Nikakiweka.

"Kaa," akasema Hafsa. "Mpaka kipoe."

Nikakaa mahali pangu, nikatazama mvuke unavyopanda, na lile chozi lililokwama likaja na wenzake wote. Nililia kwa sauti, bila aibu, nikamwita Shangazi jina lake. Wanawake walionisema wakalia na mimi. Hafsa, na zile kanga za buluu, akakitwaa kile kitambaa changu cheupe begani kwangu na kunifuta nacho kamasi.

Kilipopoa nikakinyanyua. Chini yake palikuwa na duara jeupe, bichi, limeinuka ngozi. Baya kweli kweli. Mustafa akainama akalitazama. "Limekaa upande," akasema, "kama mwenyewe." Nikampiga na kitambaa.

Kreti haikurudi tupu, usidhani. Jioni ile Hafsa alipita dukani akabeba ile meza ya jozi ya miguu ya simba. "Si uliitaja mwenyewe? Mashahidi wapo." Hasira zikanipanda mpaka nywele, na yeye anacheka anapanda gari, na dumu langu la asali mapajani.

Kimeza bado kipo barazani, na mimi ndiye ninayekaribisha kahawa siku hizi. Juzi alikuja mpamba nyumba kutoka Arusha, anaitwa Theodora, msichana mwenye heshima zake. Alikizunguka, akapiga picha, akaniuliza kama hizi alama zinatoka.

"Zinatoka," nikamwambia. "Kazi yangu hiyo."

"Sasa Mama, mbona hujazitoa?"

Nikamsukumia kashata, nikammiminia kahawa. Akakishika kikombe anazunguka nacho, anatafuta kisahani, anatafuta kitambaa, mpaka nikamhurumia. Nikamwambia aweke tu. Akaona aibu, akakipeleka taratibu pale ukingoni, kwenye lile duara lililokaa upande.

"Sogeza kidogo, mwanangu," nikasema. "Hapo pana mwenyewe."